Mafuta yakipatikana Simiyu, fedha zitashikwa na nani?

Bonde la Eyasi–Wembere linapita katika mikoa kadhaa ya kaskazini na kati ya Tanzania: Arusha, Manyara, Singida, Tabora, Shinyanga na Simiyu. Kwa upande wa Simiyu linaingia wilaya ya Meatu, kule kusini ambako mto Sibiti unatoka Ziwa Kitangiri kuelekea Ziwa Eyasi, katika nchi ya Wasukuma wakulima wa pamba, Wataturu wafugaji na Wahadzabe wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya. Huko Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, limekuwa likitafuta mafuta kwa miaka sasa. Zilianza ndege za kupima uvutano wa ardhi, vikafuata visima vifupi vya uchunguzi, kisha kazi ya kupima mitetemo ya miamba.

Utafutaji ni utafutaji tu, na visima vingi duniani huishia kuwa vikavu. Lakini hata kabla ya kujua kilichomo chini, lipo swali ambalo watu wa Bariadi, Mwanhuzi na Lagangabilili wana haki ya kuliuliza sasa. Mafuta yakipatikana, ni kiasi gani cha fedha kitabaki hapa, kitashikwa na ofisi gani, na nani atakisimamia? Kwa sheria zilivyo leo, Simiyu haina haki ya kisheria ya sehemu yoyote ya mapato ya mafuta yenyewe. Hilo linahitaji kurekebishwa. Lakini kurekebisha sheria peke yake hakutatosha, na ushahidi wa hilo uko palepale mkoani, kwenye vitabu vya ushuru wa pamba.

Tuanze na sheria. Julai 2015, siku za mwisho za Bunge la wakati ule, zilipitishwa kwa haraka sheria tatu: ya petroli, ya usimamizi wa mapato ya mafuta na gesi, na ya uwazi na uwajibikaji katika tasnia ya uziduaji. Sheria ya mapato ilianzisha Mfuko wa Mafuta na Gesi, wenye akaunti Benki Kuu, ikaweka na ukomo wa kiasi kinachoweza kuhamishiwa kwenye bajeti ya serikali kila mwaka, ambao ni asilimia 3 ya Pato la Taifa. Angalau asilimia 60 ya kiasi hicho inapaswa kwenda kwenye maendeleo ya kimkakati, hasa elimu ya sayansi na teknolojia. Ni sheria nzuri kwa nchi, kwa kuwa inazuia serikali kula mbegu. Ila mtu wa Meatu akiisoma kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, hataona mahali palipoandikwa kwamba wilaya inakotoka petroli itapata asilimia fulani.

Kinachobaki kwa halmashauri ni vitu viwili. Cha kwanza ni ushuru wa huduma chini ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya 1982, kwa kiwango kisichozidi asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni. Cha pili ni mpango wa kampuni wa kuihudumia jamii. Sheria ya Petroli inaitaka kampuni iuandae kila mwaka kwa makubaliano na mamlaka ya serikali ya mtaa husika.

Asilimia 0.3 ni ndogo, lakini tuifanyie hesabu. Kampuni ikiuza mafuta ya shilingi bilioni 100, ushuru kwa kiwango cha juu kabisa ni shilingi milioni 300. Mwaka 2021, fedha za UVIKO-19 zilipojenga madarasa nchi nzima, darasa moja lilipangiwa shilingi milioni 20. Kwa hiyo mauzo ya bilioni 100 yangeipa halmashauri madarasa 15. Si haba kwa shule moja. Ila kwa wilaya ambayo barabara zake zitapitiwa na malori ya mitambo mchana na usiku, na ambayo kodi za nyumba na bei za vyakula zitapanda siku ya kwanza wageni watakapoingia, ni malipo madogo mno.

Wenzetu wa kusini walishaipitia njia hii. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974 ikaanza kuzalishwa 2004, na ile ya Mnazi Bay, Mtwara, iligunduliwa 1982 ikaanza kutumika 2006. Kampuni nyingi zina ofisi kuu Dar es Salaam, na ndiyo maana swali la ushuru wa huduma ulipwe wapi, kwenye ofisi au kwenye kisima, liliwasumbua watu wa Kilwa na Mtwara kwa muda mrefu. Halafu likaja bomba la zaidi ya kilomita 500 la kuipeleka gesi Dar es Salaam. Januari 2013 watu wa Mtwara waliandamana, na Mei 22 mwaka huohuo, bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ilipokuwa ikisomwa bungeni, mji uliwaka moto. Watu walipoteza maisha, nyumba na ofisi zikachomwa, na jeshi likaingia mitaani. Wapo waliosema wana Mtwara wanataka kuigawa nchi. Ukizisikiliza hoja zao kwa utulivu unakuta wengi walikuwa wanauliza jambo la kawaida sana: viwanda vilivyoahidiwa viko wapi, na sisi tunapata nini kilichoandikwa?

Neno kilichoandikwa ndilo lenye uzito. Ahadi ya mkutano wa hadhara haidaiwi mahakamani. Tena hata kilichoandikwa kinaweza kufutwa. Mtwara na Lindi walilijua hilo miaka mitano baadaye. Sheria ya korosho ilikuwa inatenga asilimia 65 ya ushuru wa korosho inayouzwa nje kwa ajili ya kuendeleza zao lenyewe. Juni 2018, kupitia Sheria ya Fedha ya mwaka ule, fedha zote zikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa kusini walipinga kwa nguvu wakashindwa. Sehemu iliyowekwa na sheria ya kawaida inadumu mpaka Bunge litakapobadili mawazo mchana mmoja wa Juni.

Majirani wameandika zaidi yetu. Uganda, kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015, inatenga asilimia 6 ya mrabaha wa petroli kwa serikali za mitaa za maeneo ya mafuta. Nusu inagawiwa kwa kuangalia uzalishaji, nusu nyingine kwa vigezo kama idadi ya watu, na asilimia 1 ya mrabaha inakwenda kwa taasisi za kijadi zinazotambuliwa. Kenya ilipitisha Sheria ya Petroli mwaka 2019, ambayo katika sehemu ya serikali inaipa kaunti asilimia 20 na jamii ya eneo husika asilimia 5, zote zikiwa na ukomo. Fedha za jamii zinashikwa na bodi ya wadhamini. Hiyo asilimia 5 ya jamii ilipiganiwa. Muswada wa awali ulisema 10, Rais Uhuru Kenyatta akaukataa, mvutano na viongozi wa Turkana ukaendelea hadi maridhiano ya Mei 2018. Mwezi uliofuata, malori ya kwanza ya kubeba mafuta ghafi yalipoanza safari ya Mombasa, wananchi waliyazuia barabarani wakidai usalama wao kwanza. Shehena ya kwanza ya mapipa 200,000 iliondoka Mombasa Agosti 2019.

Asilimia hizi zinadanganya macho, kwa hiyo lazima kuuliza ni asilimia ya nini. Mrabaha wa Uganda ukifika asilimia 12.5 ya mafuta yanayozalishwa, ile asilimia 6 yake ni asilimia 0.75 ya thamani yote. Hiyo ni mara mbili na nusu ya ukomo wa ushuru wetu wa huduma, lakini inagawiwa wilaya kadhaa. Tofauti na Tanzania si kubwa kama inavyosikika ikitajwa redioni. Kilicho kikubwa ni kwamba wilaya za Hoima na Buliisa zina haki inayodaiwa kwa jina la petroli, yenye fomula inayojulikana. Halmashauri yetu ina ushuru uleule inaoutoza kampuni ya simu au mwenye duka la jumla.

Asilimia kubwa nayo si kinga. Katiba ya Nigeria ya 1999 inayapa majimbo yanayotoa mafuta angalau asilimia 13 ya mapato yake. James Ibori, gavana wa zamani wa jimbo la Delta, moja ya majimbo yaliyofaidika zaidi na mgawo huo, alikiri makosa ya utakatishaji fedha mbele ya mahakama ya London mwaka 2012 akafungwa miaka 13. Chad nayo, kwa sheria ya 1999 iliyoandikwa chini ya macho ya Benki ya Dunia, ilitenga asilimia 5 ya mrabaha kwa eneo la Doba kwenye visima. Mwaka 2006 serikali ikaibadili sheria hiyo, na 2008 Benki ikajiondoa kwenye mradi. Kwa Delta hakukuwa na jicho la wananchi, na Doba ilitegemea jicho la mgeni.

Ndiyo sababu ya kurudi Simiyu, kwenye pamba.

Simiyu ndiyo mkoa unaoongoza kwa pamba nchini, na kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya pamba ya Tanzania imetoka hapa. Ulizaliwa Machi 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na sehemu ya Mwanza, na sensa ya 2022 iliwahesabu watu 2,140,497. Kila msimu mkulima hupeleka pamba yake kwenye ghala la AMCOS, chama cha msingi cha ushirika. Mzigo unawekwa kwenye mizani, kilo zinaandikwa, na mnunuzi analipa juu yake ushuru wa mazao kwa halmashauri. Ushuru huo ulikuwa asilimia 5. Bajeti ya 2017/18 iliushusha hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara, kwa nia njema ya kumpunguzia mkulima mzigo. Hata hivyo, halmashauri ya Maswa au Itilima ilipoteza sehemu mbili kati ya tano za chanzo chake kikuu kwa uamuzi uliofanyika Dodoma, na hakuna diwani aliyepiga kura. Mtu anayedhani mapato ya mafuta yatakuwa imara zaidi aangalie hapo.

Aangalie na msimu wa 2019. Bei elekezi ilitangazwa kuwa shilingi 1,200 kwa kilo huku soko la dunia likishuka. Wanunuzi walisita, wengine walichukua pamba bila kulipa kwa wakati, na wakulima wakakaa miezi wakisubiri fedha zao mpaka serikali ikaingilia kati na mabenki. Halmashauri zilizokuwa zimepanga matumizi kwa matarajio ya ushuru nazo zikasubiri. Mafuta yana tabia hiyohiyo, tena kwa ukali. Bei ya pipa iliporomoka 2014, ikaporomoka tena 2020. Halmashauri iliyozoea kupanga kwa kutegemea bidhaa moja, isiyo na akiba, na isiyo na ruhusa ya kujiwekea akiba ya kweli, itaumia kwa mafuta kuliko ilivyoumia kwa pamba.

Mapato ya ndani yanayobaki yanatumikaje? Kwa utaratibu wa serikali, sehemu yake lazima iende kwenye miradi ya maendeleo, na asilimia 10 inakopeshwa vikundi bila riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Simiyu ina mfano wa kujivunia hapa. Mkoa ulipokuwa chini ya Anthony Mtaka, aliyeteuliwa mkuu wa mkoa mwaka 2016, kaulimbiu ilikuwa wilaya moja, bidhaa moja, kiwanda kimoja. Vijana wa Maswa wakatengeneza chaki na vijana wa Meatu wakasindika maziwa, na chaki ya Maswa ikafika mashuleni. Ni miradi midogo, lakini mtu aliweza kuishika mkononi na kusema fedha ya halmashauri yetu ilifanya hiki. Pamoja na hayo, nchi nzima mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kuonyesha fedha zisizorejeshwa na vikundi hewa, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya uliohusisha benki katika baadhi ya halmashauri. Udhaifu huo ulionekana kwenye mabilioni machache ya kila wilaya, na sisi tunazungumzia kuzipa halmashauri hizohizo fedha za petroli.

Sisemi hivyo kuwadharau watumishi wa halmashauri. Wengi wanafanya kazi ngumu kwa vitendea kazi duni, na mapungufu yao yanajulikana kwa sababu mkaguzi anayaandika kila mwaka na kuyachapisha. Bariadi yenyewe imeipa nchi mtu aliyeijua kazi hiyo: John Cheyo, mbunge wa Bariadi Mashariki kwa tiketi ya UDP, aliiongoza Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali. Tatizo ni kwamba ukaguzi unafika miezi mingi baada ya fedha kutumika, na unafika Dodoma. Mwananchi wa Nkoma au Mwandoya anausikia kwenye taarifa ya habari.

Hapa kuna jambo la kiutawala ambalo mijadala mingi inaliruka. Tunasema maendeleo ya mkoa, mafuta ya mkoa, mapato ya mkoa. Lakini mkoa Tanzania hauna hazina. Tangu Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, sekretarieti ya mkoa ni ya kuratibu na kushauri. Mkoa hauna baraza lililochaguliwa wala ushuru wake. Wenye mapato ni halmashauri, na Simiyu inazo sita: Bariadi Mji, Bariadi Wilaya, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Mafuta yakitoka Meatu, ushuru wa huduma ni wa Meatu. Bariadi, penye ofisi ya mkuu wa mkoa na hospitali ya rufaa ya Nyaumata inayopokea wagonjwa wa wilaya zote, haitapata chochote kwa sheria. Itilima, jirani wa karibu, hivyohivyo. Na kwa kuwa bonde limepita mikoa mingine, kisima kikitokea ng'ambo ya Sibiti, Simiyu nzima itabaki kutazama malori.

Miradi mikubwa ya mkoa leo inakuja kwa njia nyingine kabisa. Barabara ya lami ya Mwigumbi–Maswa–Bariadi–Lamadi ni ya serikali kuu. Mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria Busega, Bariadi, Itilima na kuendelea hadi Maswa na Meatu unategemea Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, ulioidhinisha fedha 2017, na benki ya maendeleo ya Ujerumani, KfW. Maji hayo yanahitajika sana, na ni haki kuyashukuru. Lakini kwa namna hii halmashauri hazijapata nafasi ya kujifunza kusimamia fedha nyingi. Zinapokea mradi uliokwisha kupangwa.

Mahali nilipoona wazo linalofaa kuigwa ni ng'ambo ya Ziwa Eyasi, bonde la Yaeda, wilaya ya Mbulu. Huko tangu 2011 vijiji vya Wahadzabe vimekuwa vikiuza hewa ya ukaa kutokana na misitu wanayoihifadhi, kupitia kampuni ya Carbon Tanzania. Malipo yanaingia akaunti ya kijiji, kisha mkutano mkuu wa kijiji unakaa na kuamua: kiasi hiki matibabu, kiasi hiki ada za wanafunzi, kiasi hiki walinzi wa msitu. Watu wanajua ni kiasi gani kimeingia kwa sababu kinatajwa mbele yao, kwa lugha yao, kabla hakijatumika. Ni fedha kidogo ukilinganisha na petroli, na kuna mambo ya kibiashara ya hewa ya ukaa yanayoweza kubishaniwa. Lakini mpangilio wa hatua ni sahihi: kiasi kinatangazwa, watu wanaamua, ndipo fedha inatoka. Kwenye pamba na kwenye migodi tumeupindua mpangilio huo. Kwa miaka mingi migodi mikubwa ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa ililipa kila halmashauri dola 200,000 tu kwa mwaka kwa mujibu wa mikataba iliyosainiwa mbali na wilaya hizo, na wananchi waliisikia mikataba hiyo fedha zikiwa zimekwisha kutumika.

Kwa Simiyu, basi, naona mambo matatu, na hayalingani uzito. La kwanza na kubwa kuliko yote ni mgawo. Sheria ya mapato ya mafuta na gesi iongezwe kifungu cha sehemu ya mrabaha kwa serikali za mitaa, na fomula yake isiishie kwenye halmashauri yenye kisima. Sehemu iende kwa vijiji vinavyotoa ardhi, sehemu kwa halmashauri yenye kisima, sehemu kwa halmashauri nyingine za mkoa kulingana na idadi ya watu. Uganda imeonyesha kwamba hilo linaandikika. Lingekuwa bora zaidi likiandikwa mahali pagumu kulifuta kuliko ilivyokuwa kwa korosho.

La pili ni ule mpango wa kampuni kwa jamii. Makubaliano na halmashauri yasiwe barua kati ya mkurugenzi na meneja. Rasimu isomwe kwenye mikutano ya vijiji vya Meatu kwanza, ibandikwe kwa Kiswahili kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji ikiwa na gharama za kila kitu, kisha ndipo baraza la madiwani liipitishe. Kanuni hii ingeweza kuanza kesho kwa ushuru wa pamba bila kusubiri tone la mafuta: kila AMCOS ibandike kilo zilizouzwa, ushuru uliolipwa, na halmashauri ibandike pembeni yake ulikokwenda. La tatu ni akiba, ambayo halmashauri iruhusiwe kuiweka kwenye mwaka mzuri kwa ajili ya mwaka mbaya, chini ya uangalizi wa Hazina.

Kuhusu wakati, kalenda ya majirani inafundisha. Uganda ilithibitisha mafuta 2006 na ikaandika mgawo 2015. Kenya ilipata kisima cha Ngamia 1 mwaka 2012 na ikaandika mgawo 2019. Wote wawili waligawa baada ya kujua mafuta yako wapi, kila eneo likiwa limeshashika upande wake, na ndiyo maana Turkana kulikuwa na mvutano ule. Leo wabunge wa Meatu, Bariadi, Itilima, Igunga na Iramba wanaweza kukaa meza moja na kukubaliana fomula ya haki, kwa sababu hakuna hata mmoja wao anayejua kisima kitakuwa jimboni kwa nani. Siku TPDC itakapotangaza jina la kijiji, mmoja wao hatakuwa tena na sababu ya kukaa mezani.